Kununua vifaa vya tangi la maji chumvi nikiwa Dodoma

Anayefuga samaki wa maji baridi mjini Dodoma hapati taabu kubwa ya mahitaji, kwa kuwa chakula, pampu ndogo za hewa na hata samaki wenyewe hupatikana katika maduka ya samaki wa mapambo. Taabu humpata yule anayetaka kufuga samaki wa baharini katika mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam, tena juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilihamia Dodoma mwaka 2019 kwa sababu za kikazi, na baada ya miaka miwili ya kuvumilia vumbi la mtaa wetu wa Kisasa niliamua kuiweka bahari sebuleni. Mama watoto alicheka, akaniuliza kama bahari hiyo nayo itahitaji umeme wa luku. Nilimjibu kuwa itahitaji, na mwingi.

Tangi lenyewe halikunisumbua. Fundi vioo wa mtaani alinitengenezea la sentimita 100 kwa 50 kwa 40, yaani lita 200, tukalijaza maji barazani kwa siku mbili ili kuona kama linavuja, kisha tukaliingiza ndani. Sikuwahi hata kufikiria kuagiza kioo mtandaoni.

Kilichonisumbua ni chumvi. Duka moja mjini lilinipimia kilo nane kutoka katika ndoo isiyo na lebo, na muuzaji akaniapia kuwa ndiyo chumvi ya samaki wa baharini. Niliikoroga, nikawasha pampu, maji yakawa meupe kisha yakatulia, nami nikaridhika kabisa. Majuma matatu baadaye nilipokea kifurushi nilichokuwa nimeagiza mtandaoni, ndani yake mkiwa na kipimo cha ugumu wa kaboneti (uwezo wa maji kuihimili asidi), kile cha matone. Mtumiaji hudondosha tone moja moja katika kichupa chenye mililita tano za maji ya tangi, akihesabu hadi rangi igeuke kutoka buluu kuwa njano. Maji ya bahari huhitaji matone saba au manane hivi. Yangu yaligeuka kwa tone la pili. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara mbili zaidi, nayo yakageuka kwa tone la pili kila mara. Nilikuwa nimeuziwa chumvi ya kawaida tu.

Watu wengi hudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba chumvi iliyovunwa baharini ikirudishwa majini hurudisha bahari. Haiko hivyo. Maji yanapokaushwa juani katika mabwawa ya chumvi, chokaa na jasi hutangulia kutuama, kisha huganda chumvi tunayoila, na magnesiamu hubaki katika yale maji machungu ya mwisho ambayo wavunaji huyamwaga. Kwa hiyo chumvi ya mawe, hata ikiwa safi namna gani, imekwisha kupoteza sehemu ya vitu ambavyo samaki, konokono na matumbawe wanavihitaji. Chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi hurudishiwa vitu hivyo kwa vipimo, na hiyo sikuipata Dodoma wakati ule. Nilijaribu pia kusafirisha maji halisi ya bahari kwa basi katika madumu ya lita 20. Madumu mawili tu yalitosha kunigombanisha na kondakta, na tangi langu lilihitaji kumi.

Nikaamua kuagiza. Hapo ndipo nilipojua kuwa bei inayoonekana katika kioo cha simu si bei ya kitu. Chumvi ni nzito, na mzigo wa ndege hutozwa kwa kilo, hivyo gharama ya kuisafirisha ilizidi bei ya chumvi yenyewe hata kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Mfuko wa kwanza niliulipia hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka, na hadi leo mama watoto haijui hesabu yake kamili.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Niliona pampu ya kusukuma mawimbi ikiuzwa kwa punguzo huko Marekani, nikaiagiza bila kusoma maandishi madogo yaliyosema volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Iliunguruma kwa muda usiozidi dakika moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Kuirudisha kungegharimu zaidi ya thamani yake. Tangu hapo kitu chochote chenye waya nakinunua dukani, ambako muuzaji hukichomeka mbele yangu na kukizamisha katika ndoo ya maji, nami nikisikiliza mlio wake nikiwa bado na fedha zangu mfukoni. Hita nayo niliipata hivyo hivyo. Wageni hushangaa kuiona Dodoma, lakini usiku wa Juni na Julai baridi yetu hushusha maji chini kabisa ya nyuzi 24 wanazozihitaji samaki hawa.

Kifaa kilichonifaa kuliko vyote sikukipata mtandaoni wala katika duka la samaki. Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visimani, na ladha yake hueleza yenyewe kiasi cha madini kilichomo. Kwa sababu hiyo wako wauza vichujio vya maji ya kunywa, na mmoja wao alinifungia jikoni mtambo mdogo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, kwa nusu ya gharama niliyokuwa nimekadiria. Utando wake ukichoka, naupata siku hiyo hiyo. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, maana wakati wa kiangazi hewa yetu kavu hunyonya maji ya tangi kila siku, na kinachopotea ni maji peke yake huku chumvi ikibaki, hivyo lazima nijazie maji yaliyochujwa kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Samaki niliwafuata Dar es Salaam. Mtandaoni nilikuwa nimeona picha nzuri za wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, lakini picha haioneshi kama samaki anakula. Mzee mwenye duka hakuniuzia siku ya kwanza. Aliniuliza kuhusu amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki: “Mwanangu, amonia umeipima?” Nilipomjibu kuwa maji yana wiki mbili tu, alisema, “Basi nenda ukasubiri, bakteria hawapandi basi,” akimaanisha wale wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa kitu kisicho na sumu kali. Nilirudi baada ya wiki nne, amonia na nitriti zikiwa zimefika sifuri, ndipo alipotupa chembe za chakula mbele yangu na kunichagulia wawili waliozikimbilia. Walikuwa wa aina ya Amphiprion allardi, wa pwani yetu hii, weusi wenye mistari miwili myeupe. Vipande vya matumbawe alivyokuwa navyo muuzaji wa jirani niliviacha, kwa kuwa matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na sikuoneshwa kibali chochote.

Yule mzee alinifundisha pia jambo ambalo lingeniponza. Safarini hewa ya ukaa hujikusanya ndani ya mfuko na kupunguza ukali wa amonia. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka na amonia hugeuka sumu haraka. Kwa hiyo nilipofika nyumbani baada ya saa tisa za barabarani, niliuacha mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa ili joto lilingane, nikaufungua na kuwahamisha upesi, na maji yake nikayamwaga nje. Kabla sijaondoka dukani kwake, mzee aliomba kuiona refraktomita yangu ya mtandaoni, kifaa cha kupimia chumvi majini kwa kulinganisha uzito wa maji na ule wa maji safi. Aliidondoshea maji safi yasiyo na chumvi, ikasoma 1.004 badala ya 1.000. Maana yake ni kwamba siku zote nilizodhani nina 1.025 nilikuwa na 1.021. Aliizungusha skrubu yake kwa bisibisi ndogo, akanirudishia, hakutaka malipo.

Sasa hesabu yangu imetulia. Hubadilisha lita 20 kila wiki, ambazo hula chumvi isiyofika kilo moja, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 hunitosha zaidi ya miezi mitano. Mzigo usio na haraka namna hiyo unaweza kuja kwa meli. Nilimweleza hivyo kijana mwenye duka la samaki jirani na ofisi yetu, ambaye hakuwa amewahi kuuza chumvi hiyo, tukapata wafugaji wengine wawili na kuagiza ndoo sita kwa pamoja kupitia wakala wa mizigo. Zilichukua karibu miezi miwili. Kijana alipewa faida kidogo kwa kila ndoo, nami nikiwa naye niliikagua kila moja kwa kile kipimo cha matone kabla wenzetu hawajalipa. Ya kwanza iligeuka rangi katika tone la nane.