Siku moja ya kuandaa darasa kwa mtoto ambaye ubongo ndio unaomnyima kuona

Saa 1:00 asubuhi. Watoto wako kwenye usafi, nami nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi mmoja wa darasa la pili, nimeinama hadi kimo cha macho yake. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi hapa Tanzania. Mtoto huyu akipimwa hospitali, macho yanaonekana mazima. Shida iko nyuma ya macho, kwenye sehemu za ubongo zinazopokea picha na kuzipa maana. Chanzo huweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Miwani pekee haiondoi tatizo hilo. Asubuhi anaiona penseli, mchana anaipapasa, na watu wanamwita mvivu. Inaniuma sana.

Saa 1:30. Nageuza dawati ili dirisha liwe mgongoni mwake. Watoto wengi wenye hali hii huvutwa na mwanga. Dirisha likiwa mbele atalikodolea, na mwalimu aliyesimama hapo hataonekana kabisa. Naweka matofali chini ya miguu yake. Miguu ikining'inia, nguvu zote huishia kwenye kujizuia asianguke.

Saa 2:00 ni ukuta, na hapa ndipo asubuhi inapoishia. Tumefundishwa kwamba darasa zuri ni darasa linaloongea: chati kila kona, kadi za namba zimening'inizwa kwenye kamba juu ya ubao. Kwa wenzake ni msaada. Kwake vyote vinafika kwa pamoja, na hawezi kuchagua kipi ni kipi. Kadi za kamba ndizo mbaya zaidi, maana upepo unazitikisa, na kitu kinachocheza kinamvuta kuliko maandishi yaliyotulia.

“Mwalimu, chati hizi tumezichora kwa siku nyingi,” analalamika mwalimu wa darasa. “Mthibiti ubora akija nitamwambia nini?”

Hoja yake ni ya haki, kwa hiyo hatutupi chochote. Chati zinahamia ukuta wa nyuma, moja baada ya nyingine, gundi ikibanduka na rangi ya ukuta. Mbele unabaki ubao peke yake. Chati ya somo inatundikwa wakati wake, kisha inaondolewa. Namwomba pia avae nguo ya rangi moja, kwa sababu picha ikishikwa mbele ya kitenge chenye maua inapotea humo humo.

Dawati nalo limejaa michoro ya wembe. Nalifunika kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Satini inarudisha mwanga, haifai. Juu yake naweka ubao ulioinuliwa kwa vitabu, kwani watoto wengi wa aina hii hawaoni vizuri upande wa chini, na daftari lililolala linaangukia hapo hapo.

Baada ya chai tunajaribu. Kikombe chekundu kitupu, upande anaopendelea kutazama, nakitikisa kidogo, kisha nanyamaza. Christine Roman-Lantzy, mtaalamu wa Marekani wa watoto wasioona vizuri kwa sababu ya ubongo, ameorodhesha tabia 10 za hali hii, na kuchelewa kuona ni mojawapo. Nahesabu moyoni hadi 30. Wasaidizi huharibu hapa kwa kusema “tazama, tazama!” Sauti inachukua nafasi ya macho. Kwenye kusoma, nakata dirisha kwenye manila nyeusi, neno moja lionekane kwa wakati mmoja, herufi zikiachana. Kukuza maandishi tu huku ukurasa ukibaki umesongamana hakusaidii sana.

Mchana bati limepata moto, darasa la jirani linaimba jedwali, na mtoto amechoka. Anafikicha macho, anarudi kutazama mwanga. Apumzike dakika 10 akielekea ukuta mtupu. Kusoma na hesabu vipangwe asubuhi.

Mama yake amekuja kumchukua. “Mwalimu, mbona daktari alisema macho ni mazima?”

“Ni kweli, mama. Macho ni mazima, ubongo ndio unaohitaji muda na utulivu.” Nyumbani atumie sahani ya rangi moja iliyokolea, wali mweupe kwenye sahani nyeupe yenye maua hauonekani.

Kabla ya kufunga darasa naweka alama za rangi ya mafuta sakafuni kwenye miguu ya dawati. Chaki hufutika, na usafi wa kesho ukilisogeza, dirisha litarudi mbele yake.