Siafu wa Sarapiquí

Mvua za Aprili zimekolea huku Shinyalu, na tangu juzi kizingiti cha jikoni kinanuka mafuta ya taa. Aliyekulia kando ya msitu wa Kakamega haulizi kulikoni: siafu walipita usiku. Mimi harufu hiyo hunipeleka Sarapiquí, kule Kosta Rika nilikokwenda masomoni, kwa mama mwenyeji aliyewaona siafu wanakuja, akawafungulia mlango.

Ratiba ya huko ilikuwa nyepesi. Asubuhi ni msituni La Selva, kituo cha utafiti ambacho muungano wa vyuo ulioundwa mwaka 1963 ulikinunua mwaka 1968. Jioni ni kwa wenyeji: wali na maharagwe, ndizi za kukaanga, na Kihispania changu cha kuungaunga. Mvua ya huko hufika milimita 4,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya Kakamega. Soksi hazikauki. Basi.

Ilikuwa Jumapili, hakuna darasa. Waliotangulia kufika ni ndege, wa kahawia mgongoni na weupe kifuani, wakirukaruka chini chini kwenye kichaka nyuma ya nyumba. Hao hawawafuati siafu ili wawale. Wanangojea panzi na buibui wanaokurupushwa. Ukiwaona wamekusanyika hivyo, jua msafara u karibu. Juu ya majani walielea nzi wadogo, nao wana shughuli yao: mende akitoka mbio, nzi humshukia na kumtagia yai mwilini.

Mama mwenyeji alichungulia, akazima gesi, akaanza kazi bila pupa. Mtoto alipelekwa kwa bibi yake ng'ambo ya barabara. Mbwa akafunguliwa mnyororo. Sufuria zikafunikwa, nyama na sukari zikaingia kwenye jokofu. Magodoro yakasogezwa mbali na ukuta, kisha kila kabati na kila droo ikaachwa wazi. Hilo la makabati alilisisitiza, kwani wapo wanaofungua mlango wa nyumba na kufunga kabati, na mende wote wamo humo kabatini. Milango ya mbele na ya nyuma nayo ikabaki wazi, ili wageni wapate pa kutokea bila kurudi walikoingilia. Halafu akatoa viti uani, tukakaa.

Macho yangu yalikuwa yanatafuta majivu ya kuwazuia siafu, kama tufanyavyo nyumbani. Lakini kwenye jiko la gesi majivu yatoke wapi?

Mengi yaliyotokea ndani hatukuyaona. Tuliona yaliyotoka: mende, nyenje, tandu mmoja mwekundu. Nge alitoka chini ya jokofu mkia juu, akafika kizingitini, hakuvuka.

Kilichonishika mimi ni kiota cha nyigu kilichokuwa chini ya mabati, pembeni mwa dirisha, upana wa kiganja. Kilining'inia kwa kikonyo chembamba kutoka kwenye boriti. Siafu walipanda ukuta hadi kwenye boriti, wakaanza kushuka kwa kikonyo, nacho hakikutosha kupitisha umati ule. Basi wengine wakajining'iniza kando yake: wa kwanza akang'ang'ania ubao kwa kucha za miguu, wa pili akamshika wa kwanza, wa tatu akamshika wa pili, kamba ikarefuka mpaka ikagusa kiota, na wenzao wakashuka juu ya miili hiyo. Nyigu hawakupigana. Walitetemesha mabawa kwa muda, kisha wakaruka kwa pamoja na kutua juu ya majani ya mpera, wakabaki wanatazama. Wana hesabu yao: nyigu mzima akisalimika anaweza kujenga tena, akifia kiotani hakuna wa kujenga. Siafu wakafungua chumba kimoja kimoja, wakavuta mabuu meupe, wakayabeba chini ya tumbo katikati ya miguu, na kupanda nayo. Kiota kilipobaki kitupu, kamba ikajifungua kutoka chini, mmoja mmoja, hadi aliyekuwa wa kwanza naye akaondoka. Nilisahau kuandika chochote.

Alasiri nikaufuata msafara. Kanuni ni nyepesi: aliyebeba mzigo anarudi kambini, asiyebeba anakwenda kuwinda, kwa hiyo fuata wenye mzigo. Suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya gambuti. Tembea ubavuni mwa msafara, usiuvuke, na usiinamie karibu ukawapumulia, maana pumzi huwachafua mara moja. Kambi niliikuta kati ya mizizi mikubwa ya mti mmoja. Hapakuwa na udongo uliochimbwa wala nyasi zilizosokotwa. Nyumba yenyewe ni siafu walioshikana, na malkia na mabuu wako katikati.

Siafu hao, Eciton burchellii, wana kalenda. Kwa takriban siku 15 mabuu yanakula, nalo kundi linawinda kila siku na kuhama karibu kila usiku. Mabuu yakishajifunga kuwa bundo, hatua ya mwisho kabla ya kuwa siafu kamili, wanatulia mahali pamoja takriban siku 20, malkia anataga, uwindaji unapungua. Schneirla, mtafiti Mmarekani, aliipima mizunguko hii kule Panama tangu miaka ya 1930. Mama mwenyeji alikuwa na kalenda yake: wao huja mende wakizidi. Mwalimu wetu alisema ni bahati tu ya njia. Mimi nilikuwa nakula kwa mama, kwa hiyo sikusema kitu.

Hawa wetu wa jenasi ya Dorylus ni wa ukoo mmoja na wale, lakini usije ukawafungulia mlango. Askari wa Eciton ana taya zilizopinda kama ndoana. Anashika, anadunga kwa mwiba wake, lakini nyama ya kuku haikatiki kwa taya zile. Siafu wa Kakamega hukata. Kambi yao iko chini ya ardhi, wanahama bila kalenda, na kundi moja huhesabiwa kwa mamilioni. Kwa hiyo huku unafungua ndama, unafungua banda la kuku, unamtoa mtoto, halafu unazungushia ukuta majivu makavu. Majivu yakilowa hayafai kitu. Na mafuta ya taa yapake kizingitini, usiyamwage katikati ya msafara: ukiukata, walioingia ndani hupoteza njia na kutawanyika hadi kitandani.

Yote haya nilimweleza mama jioni ile akifagia mabawa ya mende, akinung'unika kwamba siafu hula kizuri na kumwachia yeye takataka. La ndama alilikubali. La kuku aliyefungwa mguu na kuliwa hadi mifupa alisema nimetia chumvi. Niliporudi nyumbani nilimtumia picha, maana tukio halikukawia. Hakutaja siafu hata kidogo. Aliuliza kwa nini kuku wetu tunamfunga mguu.