"Haya, kojoa"

Mwaka huu hakuna maneno niliyoyasema mara nyingi kama hayo mawili. Nimeyasema alfajiri, nimeyasema usiku wa manane, koti nimelivaa juu ya nguo za kulalia, nimesimama chini ya mti ulio nyuma ya jengo letu nikimngoja mtoto wa mbwa aamue. Mama alinipigia simu siku moja nikiwa papo hapo, akasikia, akauliza: "Mwanangu, unamwambia nani hivyo?"

Shwari aliingia kwetu akiwa na umri wa wiki 8. Tuko wawili nyumbani, mimi na mwanangu wa kiume mwenye miaka 10. Tunakaa ghorofa ya tatu, ua hatuna, na kazi yangu ni ya zamu. Kabla ya hapo sikuwahi kuishi na mbwa ndani ya nyumba. Nawaandikia wenzangu mlioko ughaibuni ambao mtoto amewalilia mbwa hadi mkakubali, na sasa mko na tishu mkononi mnafuta zulia mara ya nne tangu asubuhi. Mimi nilikosea mapema, na kosa langu lilimchelewesha Shwari kwa muda mrefu kuliko ilivyopaswa.

Wiki ya kwanza nilikuwa nampeleka nje, tunakaa chini robo saa, ananusa majani, ananiangalia, hafanyi lolote. Tukirudi juu, hata viatu sijavua, ameshakojoa kwenye zulia. Nikaona ni ukaidi. Nikampigia kelele, nikamwonyesha mkojo wake, nikamwambia "Unaona ulichofanya?" Akainamisha masikio, akajikunyata, nikasema moyoni: ameelewa. Siku mbili zulia likawa kavu. Nilifurahi sana. Siku ya tatu nikavuta kochi ili nifagie, nikakuta nyuma yake kinyesi kikavu mahali patatu na doa kubwa la mkojo limeingia kwenye mbao za sakafu.

Hakuwa ameacha kuchafua nyumba. Alikuwa ameacha kuchafua mbele yangu.

Nilikaa chini nikafikiri, na mambo yote mawili yakafunguka kwa pamoja. Mbwa huunganisha jambo baya na kile kilichopo wakati huohuo. Alichojifunza Shwari si kwamba zulia halikojolewi. Alijifunza kwamba mkojo na mama huyu vikikutana, kuna kelele. Basi ndani akatafuta pa kujificha, na nje, nilikokuwa nimemsimamia na kamba mkononi, akabana. Robo saa zile zote chini ya mti alikuwa ananiogopa mimi.

Na ule uso wa kujuta? Mtafiti Alexandra Horowitz aliuchunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 2009. Mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha wenye mbwa wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine waliambiwa kwa uongo kwamba mbwa wao amekula. Uso wa hatia ulitokea zaidi pale mbwa alipokaripiwa, na ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbwa ambao hawakula kabisa. Yaani mbwa anasoma uso na sauti yetu, akajishusha ili tupoe. Kosa la nusu saa iliyopita halimo kichwani mwake. Tangu nisome hilo sijamwonyesha tena mkojo wake. Nikichelewa, nafuta, basi.

Jambo la pili lililonibadilisha ni kuelewa nyumba inaonekanaje machoni pake. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe, mama yake humlamba ndipo haja itoke. Akifika wiki kama tatu anaanza kujikokota nje ya pale wanapolala ili asichafue malazi. Kwa hiyo usafi anao tayari, hatuanzi na sifuri. Lakini "malazi" kwake ni pale kwenye blanketi lake na hatua chache kuzunguka. Sebule yetu, korido, chumba cha mwanangu, yote hayo kwake ni nje. Alipotoka kwenye blanketi akaenda kukojoa mlangoni pa chumba cha mwanangu, alikuwa anafanya kile hasa alichofundishwa na mama yake.

Tukaipunguza nyumba. Tukafunga milango yote, tukambakishia jikoni na kipande cha sebule tunachoweza kukiona. Tukamnunulia kizimba cha kulalia, kipana kiasi cha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, si zaidi. Kikiwa kikubwa mno atalala kona moja na kujisaidia kona ya pili. Kizimba si jela, hatukumfungia humo kwa hasira hata mara moja, na mchana hakukaa humo saa nyingi mfululizo. Kila eneo lilipokaa siku kadhaa bila ajali, tulifungua mlango mmoja zaidi, tunacheza naye humo, tunamlisha humo, mpaka chumba kile nacho kiwe malazi.

Halafu kuna kibofu chenyewe. Watu wa mbwa wana kipimo cha kukadiria: miezi yake ndiyo saa zake, pengine uongeze moja. Wa miezi miwili ukimdai zaidi ya saa mbili au tatu unamwonea, na hizo ni saa za kutulia. Akiwa anacheza, dakika 20 tu zinatosha kumshinda. Mbwa wa aina ndogo hukawia zaidi kwa kuwa kibofu ni kidogo. Wengi huaminika kabisa wakiwa kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Anayekuambia wake alijua yote kwa siku tatu, mshukuru na uendelee na wako.

Tulibandika daftari kwenye friji. Nimelitunza, hili ni la siku ya 9:

Saa 11:40 alfajiri, nje, mkojo.
Saa 12:30, chakula.
Saa 12:50, nje, vyote viwili.
Saa 2:05, mchezo. Zulia. (Mama kwenye simu.)
Saa 4, kaamka, nje, mkojo.
Saa 5:15, zulia. (Mama kwenye simu.)

Mabano ni ya mwanangu. Hakuyaandika kwa kunisuta, nilimwambia tuandike na mahali kila mtu alipokuwa. Baada ya wiki moja daftari lilisema wazi: haja kubwa huja dakika kama 20 baada ya kula, haja ndogo huja akiamka, akinywa maji, akicheza kwa nguvu, na kila mara kabla ya kulala. Na ajali karibu zote zilitokea pale ambapo hakuna jicho lililokuwa kwake. Tukaanza kumlisha kwa saa maalumu mara tatu, bakuli linaondolewa akimaliza. Maji hatukumnyima mchana. Tukajifunza na dalili zake: anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anaanza kuzunguka. Ukiona mzunguko wa pili umeshachelewa, mbebe. Kumbeba ni muhimu kwa tunaokaa ghorofani. Kijibwa cha wiki 9 ukikiacha kitembee korido nzima hadi kwenye lifti, kitasimama njiani.

Chini ya mti nilikuwa nafanya hivi. Namweka sehemu ileile, na kamba, nasimama kimya, simwangalii usoni. Akichuchumaa tu, nasema kwa sauti ya chini, "haya, kojoa." Akimaliza, papo hapo, si tukifika juu, anapata kipande cha nyama kutoka mfukoni. Ukingoja mrudi jikoni, umemlipa kwa kupanda ngazi. Kisha tunacheza kidogo hapohapo. Hilo la kucheza nalisisitiza, maana ukimrudisha ndani mara tu anapokojoa, atagundua kwamba kukojoa kunamaliza matembezi, ataanza kubana makusudi. Usiku ni tofauti: alamu saa 7 na saa 10, taa ndogo, hakuna mchezo, hakuna mazungumzo, kurudi kulala. Akifikisha miezi minne hivi alamu zote mbili zilikuwa hazina kazi.

Pedi za kukojolea nazijutia kidogo. Mtoto wa mbwa akiwa na wiki 8 au 9 ndiyo kwanza anazoea kile anachokihisi chini ya miguu anapojisaidia, na pedi ni laini kama zulia. Tulizitumia wiki mbili, tukapata kazi ya mwezi mzima kumtoa kwenye kapeti la bafuni. Kama una roshani, afadhali trei yenye majani halisi. Nasema hivi nikijua kwamba mtoto ambaye hajamaliza chanjo hapaswi kuzurura penye kinyesi cha mbwa wengine. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na huua watoto wa mbwa. Muulize daktari wa wanyama mahali gani pa karibu ni salama kabla hujachagua mti wako.

Kusafisha nako kuna siri yake. Pua ya mbwa inasoma kile ambacho kwako kimeshaisha. Tafuta dawa ya madoa yenye vimeng'enya, inayovunjavunja mkojo wenyewe, uiache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa yenye amonia usiiguse kwa kazi hii, mkojo ukioza hutoa amonia hiyohiyo, utakuwa umemwandikia alama ya msalani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwetu tulio mbali na ndugu ndilo gumu kuliko yote. Zamu yangu huchukua saa 8 nzima. Mwanangu yuko shule. Hakuna shangazi wa kumwachia, hakuna mdogo wangu wa kupita mchana. Likizo niliyochukua kwa ajili ya Shwari ilikuwa ya wiki mbili, na ilipokaribia kuisha nilikuwa nalala vibaya.

Usiku mmoja Shwari alilia sana, kesho yake asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa bibi anayekaa chini yetu. Katika miaka minne tulikuwa tumesalimiana kwa kichwa tu. Nikajua nimeshtakiwa. Akaniuliza kijibwa kina wiki ngapi. Akaniambia amefuga mbwa tangu akiwa msichana, wa mwisho alikufa majira ya joto yaliyopita, na mchana hana la kufanya. Kama nikipenda nimwachie ufunguo.

Siku tatu za mwanzo mambo hayakwenda. Anamshusha saa 5, anamshusha saa 7, Shwari anakaa tu kwenye majani. Nikamuuliza anamwambiaje. Akaniambia, kwa lugha yake, neno zuri la adabu kabisa. Shwari hakulijua. Mbwa huyu msamiati wake wote wa mambo hayo ulikuwa neno moja, nalo la Kiswahili, na ukitumia maneno mawili kwa jambo moja unamchanganya. Nikataka kubadilisha mimi. Bibi akakataa, akasema mbwa ameshaanza, mwalimu ndiye afuate. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamtamkia. Akasimama mlangoni na miwani yake akirudia: "Ha-ya. Ko-jo-a." Mwanangu akamsahihisha mkazo. Akarudia tena, mara saba au nane, mpaka Shwari aliyekuwa amelala kwenye kizimba akainuka na kwenda mlangoni.

Akiwa na miezi mitano akarudi nyuma ghafla, matone kila mahali, anachuchumaa mara kumi na hakitoki kitu. Bibi ndiye aliyeniambia nisimfundishe upya, nimpeleke kwa daktari. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa, akapona. Mbwa aliyekuwa amejua akisahau kwa siku moja, kwanza ni daktari. Yale matone anayoyaachia hadi leo mgeni akiingia ni kitu kingine, ni furaha imemzidi. Tunawaomba wageni wasimwinamie, wapite kama hawajamwona, kisha wachuchumae ubavu. Yanapungua kadiri anavyokua.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku. Asubuhi Shwari alikanyaga nje, akainua mguu, akaniangalia. Majani yake hayakuwepo. Miguu yake ilikuwa imejifunza majani, na huu weupe haukuwa msalani. Tulisimama hadi vidole vikafa ganzi, tukarudi juu bila kitu, nami nikawahi kazini na wasiwasi.

Siku iliyofuata nilikuwa na mapumziko lakini sikumwambia bibi. Saa 5 nikasikia mlango wa chini. Nikaenda dirishani. Alikuwa chini ya mti na fagio, anafagia theluji taratibu, kipande cha ukubwa wa mkeka mdogo, hadi majani ya kahawia yakatokea. Akaegemeza fagio kwenye mti, akapanda ngazi, akabisha hodi kumchukua Shwari. Sikusema kitu, nikampa kamba. Nikarudi dirishani, nikalifungua kidogo ingawa baridi ilikuwa inaingia, nikamsikia.