Dar mpaka Mwanza kwa basi bila miguu kuvimba, nilivyofanya

Jamani hii ruti naijua, Mbezi alfajiri, Moro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, na kila nikifika Mwanza miguu imevimba mpaka viatu haviingii na mgongo hausemeki. Ndege sina hela yake, so ilibidi nitafute njia.

Kwanza siti. Nilikuwa nakata tiketi dakika za mwisho nasukumiwa nyuma, juu ya tairi, kila tuta unarushwa. Desemba nikakata siku nne kabla, nikachagua siti ya katikati, korido, upande wa dereva, maana kipindi hicho mchana wote jua linapiga kushoto.

Ila kilichosaidia kabisa ni miguu yenyewe. Ukikaa masaa mengi damu na maji yanatuama chini kwa sababu misuli ya vigimbi haifanyi kazi ya kusukuma, basi kila nusu saa nainua visigino, nashusha, mara thelathini hivi, na begi kubwa nikaliweka kwenye buti ili nipate pa kunyoosha. Wakisimama kuchimba dawa nashuka hata kama sijabanwa, natembea kidogo. Maji nakunywa mafunda madogo madogo, zamani nilikuwa najinyima kabisa nikiogopa kumsumbua konda, kichwa kinauma njia nzima. Khanga nikaikunja nikaweka kiunoni nyuma.

Nimefika Nyegezi usiku nimevaa viatu vyangu vilevile, kamba sijalegeza.