Kufuata kaure ya kijani hadi Longquan

Nyumba ya bibi yangu, Lamu, ina zidaka ukutani. Nikiwa mdogo, kimoja kilikuwa na sahani ya kijani, nzito, ya urithi. Ikauzwa mwaka wa shida. Tulipopelekwa na shule kutazama magofu ya Gedi, nikaona vigae vya rangi ileile kwenye kabati la makumbusho, nikaambiwa vimetoka Uchina. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta.

Ndiyo maana mwaka jana nilijikuta ndani ya basi, mji wa Lishui nyuma yangu, likipanda milima ya jimbo la Zhejiang, Uchina, kuelekea Longquan, mji wa kaure ile ya kijani. Nilikuwa nimeweka akiba miaka mitatu ninunue chombo cha maua cha seladoni, yaani kaure hiyo ya kijani, cha enzi za Song au Yuan, koo za wafalme wa Uchina wa karne ya 10 hadi ya 14.

Jioni ya kwanza muuza duka mmoja alinitolea chombo cha shingo ndefu, kijani cha embe changa. Cha Song, akasema. Moyo ulinienda mbio. Nikakigeuza nitazame tako, maana siri ya Longquan iko chini. Udongo wa huko una chuma. Pale pasipopakwa kitu, tanuri likipoa na hewa ikaingia, udongo hugeuka mwekundu kama tofali. Chombo hiki kilikuwa na wekundu huo, lakini niliposugua kwa kidole kibichi, ulitoka. Nikakirudisha kwa mikono miwili, nikaaga.

Kesho yake mfinyanzi mmoja mzee, niliyemwita shifu kama wenyeji wanavyowaita mafundi, alinipeleka kijiji cha Dayao. Matanuri ya kale yalijengwa kwa kufuata mteremko wa kilima, marefu kama joka, na vyombo viliteremshwa kwa mto hadi Wenzhou, kwenye bahari. Akanieleza, mkalimani akitufuatia: unapaka uji wa mawe yaliyosagwa na majivu, unaacha ukauke, unapaka tena na tena. Kisha moto unazidi nyuzi 1,200 huku ukinyimwa hewa. Moto ukipata hewa nyingi, kijani kinakuwa manjano. Kazi hii UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009.

Chini ya miguu yetu vilikuwa vigae. Vigae kila mahali! Nikachutama mbele ya tako la bakuli, duara lake jekundu, nikaona Gedi. Mkono ulikwenda wenyewe. Shifu akaushika taratibu. Kuokota ni kosa, na kitu cha kabla ya 1911 hakiruhusiwi kutoka nchini. Kumbe hata kile cha dukani kingekuwa cha kweli, nisingeweza kufika nacho nyumbani.

Nilinunua kwake chombo kipya, kidogo. Kabla ya kukifunga alikigeuza, akanionyesha tako. Nilisugua. Wekundu haukutoka.

Nimekiweka kwenye kidaka cha bibi, pembeni kidogo. Pale ilipokaa sahani nimepaacha wazi.