Matofali Yasiyojenga Nyumba

Juzi niliweka kwenye Wasapu picha ya mlango wa nyumba ya bibi yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, ninaoujenga kwa vitofali vya Lego, vile vya plastiki vya kuchezea, na kabla ya Isha mjomba alikwisha kunipigia simu. Hata hali hakunijulia. "Mwanangu, matofali hayo yajenga nyumba gani?" Nilimtajia bei, kroni 600 za Denmaki, nikidhani zitamchanganya, kumbe mzee alikwisha kuzigeuza kuwa mifuko 15 ya saruji, akanikumbusha kwamba kiwanja changu cha Mtwapa kina msingi na magugu basi.

Nilikasirika, hasa kwa kuwa hesabu yake haikuwa na kosa. Naishi Aarhus, kama kilomita mia moja kutoka Billund, ambako seremala Ole Kirk Christiansen, mwanzilishi wa Lego, kazi za ujenzi zilipokauka kwa mdororo wa uchumi, aligeukia vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Hapa Denmaki mwenzangu wa zamu ya usiku, mwenye wajukuu, ametenga chumba kizima kwa ajili ya vitofali, na hakuna anayemcheka.

Wewe unayehangaikia viza, pamoja na mshahara uliza pia utafanya nini Desemba, jua linapotua kabla ya saa kumi alasiri na hakuna baraza la kukaa. Mimi baridi ya kwanza niliimaliza kwa kulala, ya pili kwa kugombana na watu wa nyumbani kwenye simu.

Aliyenivuta katika mambo haya ni jirani wa ghorofa ya chini, bibi ambaye kwa miaka minne tuliishia kutikisiana vichwa ngazini. Siku moja alinigongea akiwa na kopo la biskuti lililojaa vitofali vya utotoni mwake. Vichache vimepinda, kwani plastiki iliyotumika kabla ya 1963 haikuwa imara, lakini chekundu kimoja kilichopauka kilinasa juu ya kipya nilichonunua wiki hiyo, tk!, maana mfumo wa vichwa vya juu na mirija ya ndani, ulioombewa hataza Januari 1958, umebaki uleule.

Kilichonitesa katika mlango wangu ni mfaa, ule mti wa katikati ya mbao mbili za mlango. Nakshi za maua hazikubali pembe za mraba, hivyo vitofali nimevilaza ubavu, vichwa vikatazama nje, na misumari ya shaba nimeipanga kwa vipande vya duara vya rangi ya dhahabu, kimoja kimoja, kwa kibano cha nyusi. Usiku tatu hizo, mjomba, na sizijutii.

Jana amepiga tena. Mnyororo, anasema, ulikuwa ukifungwa juu, nami nimeuweka katikati. Tena safu ya chini ilikuwa na misumari minane, nami nimeweka saba. Nimefumua ubao wote wa kushoto.