Tafakari ya Wiki: Ile Pikipiki ni ya Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikuwa nimeandaa tafakari ya Zaburi ya 23. Itasubiri, kwa sababu wiki hii kuna jambo limenikaa kooni, halishuki wala halitoki.

Jumatano jioni tulikuwa kwenye jumuiya, huku kwetu Kimara, Dar es Salaam. Ulipofika wakati wa haja za maombi, mama mmoja akaomba tumwombee kwa ajili ya barabara. Ni mtu mwema, anafundisha watoto wetu shule ya Jumapili, si mtu wa maneno mengi. Asubuhi ya siku ile pikipiki ilikuwa imepita na kioo chake cha pembeni kwenye foleni, dereva akachapa mwendo bila hata kugeuza shingo. "Mungu atuondolee hawa bodaboda," akasema, "maana mle ndani yao mmejaa mapepo." Tukaitikia amina. Na kijana aliyechelewa, aliyekaa karibu na mlango, reflekta bado iko mwilini na kofia ngumu ameibana katikati ya miguu, naye akaitikia amina.

Amina ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mama simlaumu. Kero yake ni ya kweli, na anayeiona ndogo hajawahi kushika usukani Morogoro Road saa kumi na mbili asubuhi. Moja inakupita kushoto, nyingine kulia, ya tatu inakuja rongi saidi taa imezimwa, ya nne imejiingiza njia ya mwendokasi kana kwamba lile basi lina huruma. Mkigusana kidogo tu, dakika ile ile wamekuzunguka, na hakuna anayeuliza kosa ni la nani. Jirani zetu wa Nairobi waliona hilo Machi 2022, pale Barabara ya Wangari Maathai, mwanamke aliyekuwa anaendesha gari alipovamiwa na kundi la bodaboda na kudhalilishwa mchana kweupe, hadi Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akaagiza msako. Mama akipandisha kioo na kufunga milango kila anapoziona pikipiki zimekusanyika, tusimcheke.

Lakini na kijana ana yake, na siku ile hakuna aliyemuuliza haja yake. Baadaye nilikaa naye nje. Shikamoo, marahaba, halafu akanyamaza kidogo ndipo akaanza. Kuna gari linalomsukuma taratibu mpaka anajikuta kwenye mchanga wa ukingoni. Kuna daladala inayochomekea bila indiketa. Kuna abiria wa kwenye foleni anayefungua mlango bila kutazama nyuma, na mlango ukifunguka ghafla, mwenye pikipiki hana pa kwenda isipokuwa juu yake au chini ya gari linalofuata. Akaniambia jambo ambalo wengi wetu wenye magari hatulijui: mara nyingi anapoyumba mbele yako si kwamba anakuchokoza. Amekwepa shimo. Tairi lako likiingia kwenye shimo lile utasikia kishindo na kulalamika, ila lake likiingia ataruka juu ya usukani. Mvua ikinyesha, hata ile mistari myeupe ya pundamilia inateleza kama sabuni, na akibana breki ya mbele juu ya mchanga au oili, amekwisha lala chini. Tena pikipiki ni nyembamba. Ile nguzo ya pembeni ya kioo chako cha mbele inatosha kuificha nzima, wewe ukaapa mbele ya trafiki kwamba njia ilikuwa nyeupe, na usiwe umesema uongo.

Yakobo anasema juu ya ulimi: "Kwa huo twamhimidi Mungu Baba yetu, na kwa huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu." Mara ngapi redio ya gari inaimba tenzi, dereva anaitikia sauti ya pili, na katikati ya ubeti anashusha kioo kumwita mtoto wa mwenzake mbwa? Halafu anapandisha kioo na kuendelea na kiitikio. (Na kama kuna anayedhani mwendo wa fujo umeanza na bodaboda, asome 2 Wafalme 9. Mlinzi juu ya mnara alimtambua Yehu kutoka mbali kwa uendeshaji wake tu.)

Barabarani methali yetu ni moja: mwenye nguvu mpishe. Lori linalitisha basi, basi linalitisha gari dogo, gari dogo linaitisha pikipiki, na pikipiki nayo inamtisha bibi anayevuka na kikapu. Kila mmoja anamshushia aliye chini yake kile alichotendewa na aliye juu. Paulo anasema kinyume kabisa: "Basi imetupasa sisi tulio na nguvu kuuchukua udhaifu wao wasio na nguvu, wala haitupasi kujipendeza wenyewe." Hajasema kwanza tuhakikishe kwamba wasio na nguvu wana adabu. Mimi nina chuma pande zote nne, mkanda na mfuko wa hewa. Yeye ana fulana. Tukigongana, hata kosa likiwa lake, mimi nitakwenda kwa fundi, yeye atapelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ndiyo maana wa kuongeza nafasi na kusubiri sekunde mbili ni mimi.

Hapa ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Alhamisi asubuhi nikaifungua Kutoka 21, na tangu hapo nimeona kwamba mzigo wa tafakari hii haumhusu sana mama wala kijana.

Mnaukumbuka ule mstari wa ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Torati inasema ng'ombe akimpiga mtu akafa, ng'ombe auawe, na mwenyewe aachiliwe. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa amezoea kupiga, na mwenyewe ameonywa, asimzuie, basi mwenyewe naye ana hatia ya damu. Mungu hakuishia kwenye pembe. Aliuliza ng'ombe ni wa nani.

Basi na mimi nauliza: zile pikipiki ni za nani?

Wapendwa, nyingi ni zetu. Ni za watumishi wa serikali, za walimu, za wafanyabiashara, za wazee wa kanisa, na wengine tunaandika humu humu tafakari. Tumenunua pikipiki moja, mbili, tatu, tumewapa vijana, na tunasubiri hesabu jioni, ile pesa anayotuletea kijana kila siku. Tunawalalamikia asubuhi tukiwa kwenye foleni, na jioni tunawapigia simu: "Vipi, mbona hujaleta?" Hakuna kati yetu anayepiga simu kuuliza umeendeshaje leo.

Hebu tuipige hiyo hesabu mezani. Elfu kumi kwa siku, Jumapili ikiwemo, kwa mkataba wa mwaka ambao ukiisha pikipiki inakuwa ya kijana, ni shilingi 3,650,000. Safari fupi ya mtaani kwetu ni 1,000. Kijana lazima apakie abiria kumi kabla hajapata hata senti ya petroli, halafu aweke petroli, halafu oili, halafu pancha, halafu ndipo aanze kutafuta mlo wake, wa mke wake na kodi ya chumba. Mvua ikinyesha hadi saa nne, abiria hakuna, ila hesabu iko pale pale. Akiugua malaria siku mbili, wako wanaomwambia hizo siku atazifidia. Katika mikataba mingine akikosa mara kadhaa pikipiki inachukuliwa, na yote aliyokwisha kulipa yamepotea, hata kama ilibaki miezi miwili iwe yake. Mwambie sasa mtu huyo asikatize, asipande ukingo wa barabara, asipakie mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), asubiri taa ya kijani pale Ubungo. Kila taa nyekundu kwake ni abiria anayechukuliwa na mwingine. Tumempa pikipiki na tumempa sababu ya kuiendesha vile.

Mmeonywa. Nami nimeonywa pamoja nanyi. Nani kati yetu anaweza kusimama na kusema hakujua kwamba kijana anaendesha kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano usiku? Tunajua. Tunajua breki zimeisha, kwa sababu alituambia tukamjibu "vumilia mwezi huu." Tunajua hana leseni, tukamkabidhi funguo kwa kuwa mwenye leseni alitaka tupunguze hesabu. Tunajua kofia ya abiria ilipasuka tangu Pasaka, na sheria inawataka dereva na abiria, wote wawili, wavae. Huyo ndiye ng'ombe aliyezoea kupiga, na mwenyewe ameonyeshwa.

Kuna na hili la siku ya Bwana. Amri ya Sabato inapotaja kupumzika haimtaji baba mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwanawe, binti yake, mtumwa wake, mjakazi wake, mnyama wake, hata mgeni aliye ndani ya malango yake. Wewe umeketi ibada ya kwanza na suti, umetoa sadaka ambayo sehemu yake ni hesabu ya Jumamosi, na mtu wako yuko Mbezi Mwisho anatafuta hesabu ya Jumapili. Halafu kwenye kikao cha wazee tunauliza kwa nini vijana hawaonekani kanisani! Tumewatuma sisi.

Wale msiomiliki pikipiki msijipigie makofi. Nani anayeagiza mzigo Kariakoo na kusema "nataka ndani ya nusu saa"? Nani anayechelewa kazini, anapanda nyuma na kumwambia dereva "penya, penya hapo," kisha kesho yake akiwa kwenye gari la shemeji anawatukana wanaopenya?

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua zaidi ya hizo. Hebu pitisheni macho kwaya ya vijana Jumapili hii mkiwa na hizo namba kichwani. Ziko hospitali ambazo watu wameshazipa wodi zake jina, wodi ya bodaboda, na tunalitamka huku tunacheka.

Nanyi vijana wangu wa bodaboda, maafisa usafirishaji, msidhani nimewasahau, ingawa leo sitakaa kwenu muda mrefu. Umaskini hauruhusu kuendesha umelewa. Kioo cha mtu ukikivunja, simama. Mwambie "Mama, samahani, nimekosa," hata kama huna pesa ya kulipa, maana Mithali inasema jawabu la upole hugeuza hasira, na wengi mtashangaa jinsi linavyoigeuza. Na mwenzenu akigongwa, mkimbilie yeye aliyelala chini kabla hamjamkimbilia mwenye gari. Kumzunguka mtu aliyejifungia kwa hofu na kumpiga mawe hakujawahi kuunga mfupa wa mtu. "Hasira ya mwanadamu haiitendi haki ya Mungu," na hilo liliandikwa kwa wenye magari na wenye pikipiki.

Mama nimezungumza naye juzi. Sikumwambia habari ya kijana kwanza, nilimsomea tu ile Kutoka 21, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba mume wake ana pikipiki mbili ziko kijiweni Kibamba na hesabu yake anaipokea yeye mwenyewe, kwa simu. Ameniruhusu kuliandika hili. Amesema pia Jumapili wataanza kuwaachia vijana wale hesabu ya siku hiyo, na mume amekubali "kwa majaribio." Wanaume! Haya, majaribio na yaanze.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, nitakuwa ofisi ya usharika mpaka saa nane mchana. Mwenye pikipiki yeyote aje na mkataba wake tuusome pamoja: kiasi cha hesabu, siku za ugonjwa, siku ya kupumzika, nani analipia breki na tairi, na nini kinatokea kijana akikwama ikiwa imebaki miezi miwili. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, njoo hivyo hivyo, karatasi na kalamu vipo. Vijana wa kijiwe cha hapa kanisani nao nimewaalika, waje na kofia zao tuone zipi zimepasuka. Wale wenye magari mnaotaka kukaa na kusikiliza mnakaribishwa, ila tafadhali msiegeshe mbele ya geti, maana wiki iliyopita pikipiki zilikosa pa kupita.